Watu wa mlimani wana haki yao baharini: Safari ya Kisite kwa macho ya Meru na Embu

Kila siku magari ya mizigo huondoka Mbeere, Kaunti ya Embu, yakiwa yamesheheni muguka, majani ya kutafuna yanayochangamsha, na kuteremka kuelekea Pwani kwa kasi inayowafanya madereva wengine wapishe mapema. Jani likinyauka njiani halina mnunuzi, kwa hivyo sharti lifike Mombasa lingali bichi. Mei 2024, Gavana Abdulswamad Nassir alipopiga marufuku muguka kuingia na kuuzwa Mombasa, mambo yalifika kortini na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha agizo hilo. Mzozo ule ulidhihirisha jinsi mifuko ya watu wa mlimani na ya watu wa Pwani ilivyoshikana, hata wanapovutana vikali kuhusu afya na malezi ya vijana.

Barabara hiyo inayopitisha muguka kila uchao haipitishi watalii wengi kutoka Meru na Embu. Mkazi wa Maua, Nkubu au Runyenjes akiteremka Pwani huwa amefuata biashara, kazi au harusi ya jamaa. Wanafunzi nao huletwa kwa mabasi, wakaonyeshwa Fort Jesus, wakakimbizana na mawimbi katika ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta pale Bamburi, kisha safari ya kurudi ikaanza. Bahari wameiona kwa juu. Yaliyomo chini yake wameyaachia wageni kutoka Ulaya, ambao huvuka mabara kuja kuyatazama.

Mahali pazuri pa kuanza kurekebisha hali hiyo ni kusini kabisa mwa Kaunti ya Kwale, karibu na mpaka wa Tanzania. Pale mbele ya kijiji cha Shimoni kuna kisiwa cha Wasini, na nyuma ya Wasini, upande wa bahari kuu, kuna visiwa vidogo vya Mpunguti ya Juu, Mpunguti ya Chini na Kisite. Maji yanayovizunguka yalitengwa katika miaka ya 1970, na leo yanasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Nchini (KWS) kwa jina la Mbuga ya Bahari ya Kisite na Hifadhi ya Bahari ya Mpunguti.

Mbuga ya Kisite ina eneo la kilomita 28 mraba, na Hifadhi ya Mpunguti kilomita 11. Ni maeneo madogo. Mbuga ya Kitaifa ya Meru, yenye kilomita 870 mraba, ingeimeza Kisite mara thelathini. Hata hivyo, kwa wingi wa aina za viumbe wanaoweza kuonekana kwa saa moja, hakuna pori la nchi kavu linaloweza kushindana na maji haya.

Walianzia majini

Mzee wa Kimeru akiulizwa asili ya watu wake, haanzi na mlima. Huanza na maji. Simulizi husema kwamba waliishi Mbwaa, mahali palipozungukwa na bahari, chini ya Nguuntune, watu wa mavazi mekundu. Watawala hao waliwatwisha majaribu yasiyowezekana, likiwemo la kuunda mkuki mrefu wa kufika mbinguni. Mwishowe kiongozi wao, Koomenjwe, akawatoa usiku. Walipofika ukingoni maji yakagawanyika, wakapita. Waliovuka gizani wakawa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri wakawa Ndune, wekundu. Na waliovuka jua limechomoza wakawa Njeru, weupe.

Mwanahistoria Jeffrey Fadiman, aliyekaa na wazee wa Meru na kukusanya kumbukumbu zao, aliiweka Mbwaa katika kisiwa cha Manda, Lamu. Wapo wasomi wanaotilia shaka maelezo hayo, na mjadala huo hautaisha leo. Hata hivyo, jamii iliyoihifadhi bahari katika simulizi yake ya mwanzo kabisa haiwezi kusema kwamba mambo ya bahari hayaihusu. Mmeru anayepanda boti Shimoni hawi mgeni kama anavyodhani.

Siku ndani ya mbuga

Boti na majahazi huondoka Shimoni asubuhi, upepo ukiwa bado mpole. Mkondo kati ya bara na Wasini ni mahali ambapo pomboo huonekana mara kwa mara, na manahodha huukagua kwa macho wakitafuta pezi la mgongoni likikata maji. Pomboo wa maji haya huishi kwa makundi, na wengine huja wenyewe kucheza mbele ya omo. Nahodha anayeijua kazi yake hupunguza mwendo, akaenda sambamba nao na kuwaacha waamue. Anayewakatiza njia au kuwafukuza huwachosha mama na watoto wao, na abiria wana haki ya kumkanya. Kati ya Julai na Septemba, nyangumi wenye nundu hupita katika bahari hii wakitoka kusini kwenye maji ya barafu kuja kuzaa penye joto, ingawa wakati huo bahari huwa imechafuka.

Kisite yenyewe haina mkazi. Ni mwamba wa matumbawe ya kale ulioinuka juu ya maji, makao ya membe na ndege wengine wa baharini wanaolea vifaranga vyao humo. Maji yanapokupwa, fungu la mchanga mweupe hujitokeza karibu yake. Boti hufungwa kwenye maboya yaliyowekwa, kwa sababu nanga ikitupwa ovyo hupasua mwamba. Kisha wageni hugawiwa miwani ya kuzamia, mirija ya kupumulia na mapezi ya miguuni.

Mtu wa mlimani pengine alijifunza kuogelea katika bwawa la mto, au hakujifunza kabisa. Hilo lisimzuie. Jaketi la kuelea humshikilia juu, na waongozaji huwashika mkono wasiojiweza wakawavuta polepole juu ya mwamba. Pumzi chache za mwanzo ndizo ngumu: mwili hukataa kuamini kwamba uso umo majini na hewa bado inaingia. Baada ya hapo woga huyeyuka, kwa sababu macho yamepata kazi nyingine.

Chini yako kuna mji. Vitatange wa manjano na weusi hupita wawili wawili, dume na jike. Taa mwenye madoadoa ya samawati amejilaza mchangani chini ya ukingo wa mwamba. Samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe hujificha katikati ya minyiri yenye sumu ambayo samaki wengine huikimbia. Mkunga huchungulia pangoni akifungua na kufumba mdomo, na wengi hudhani anatishia kuuma, kumbe anapumua. Pweza akihisi ametazamwa hubadilika rangi akafanana na jiwe alilolikalia. Kasa huinuka taratibu kuja juu kuvuta hewa, kwa kuwa naye, kama wewe, hapumui majini.

Ukitulia utasikia mlio wa kutafuna. Huyo ni pono, samaki mwenye mdomo mgumu unaokwangua mwamba ili kula mwani ulioota juu yake. Chokaa anayoimeza huisaga na kuitoa ikiwa mchanga laini. Sehemu kubwa ya mchanga mweupe ambao watu hulipa fedha nyingi kuulalia imepita tumboni mwa pono.

Na huo mwamba wenyewe ni kazi ya wanyama. Matumbawe hujengwa na viumbe wadogo mno wanaoishi kwa mamilioni, kila mmoja akijitengenezea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao huishi mwani usioonekana kwa macho, mpangaji anayelipa kodi kwa chakula anachokipika kwa mwanga wa jua. Ndiyo maana matumbawe hutaka maji safi yasiyo na kina kirefu, ili jua lipenye. Aina za mviringo hukua kiasi cha sentimita moja kwa mwaka. Mgeni anayesimama juu ya donge lenye ukubwa wa kichwa cha mtu amekanyaga kazi ya miaka kumi au zaidi. Kwa hivyo amri ya kwanza wanayopewa wageni kabla ya kushuka botini ni hiyo: usiguse, usisimame.

Kikande na mwamba

Sheria ndani ya Mbuga ya Kisite ni kwamba hakuna kinachotolewa: samaki, kombe, wala kipande cha matumbawe kilichokufa. Katika Hifadhi ya Mpunguti, wavuvi wanaruhusiwa kuvua kwa njia za jadi. Mtu wa Meru au Embu anaujua mpango wa namna hii, maana Mlima Kenya nao una mbuga juu na msitu wa hifadhi chini yake, kila mmoja kwa masharti yake.

Faida ya kuacha eneo bila kuguswa inaonekana kwa samaki mmoja aitwaye kikande. Ana meno yenye nguvu, na chakula chake ni pamoja na wale viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu ambao kila mvuvi anaogopa kuwakanyaga. Kikande ni mwepesi kunaswa. Akivuliwa mpaka kwisha, wale wa miiba huzaana bila kipimo, na kwa kuwa hula kwa kukwangua mwamba, huuguguna mpaka ukawa kifusi. Watafiti wamelinganisha kwa miaka mingi miamba ya Kenya inayolindwa na ile inayovuliwa, na wameikuta tofauti hiyo mara kwa mara: penye vikande, mwamba umesimama, pasipo na vikande, wenye miiba wametawala. Kumrudisha samaki huyo huchukua miaka mingi sana. Ni afadhali kutomwondoa.

Wakazi wa mlimani wamewahi kushuhudia jambo kama hilo. Katika miaka ya 1980 Mbuga ya Meru, iliyopata sifa duniani kupitia Joy na George Adamson na simba wao Elsa, iligeuka uwanja wa majangili. Faru weupe waliokuwa wakilindwa humo waliuawa mwaka wa 1988. Mwaka uliofuata George Adamson mwenyewe aliuawa kule Kora, ng'ambo ya Mto Tana. Wageni wakakoma kuja. Ilichukua miaka mingi, ua na walinzi wenye silaha, na wanyama kuletwa kutoka kwingine, ndipo mbuga ikafufuka na kupata tena hifadhi ya faru. Kwenye bahari hakuna ua wa kujenga wala lori la kuleta matumbawe kutoka kwingine.

Gharama ya nani?

Kisite nayo ina malalamiko yake. Ilipotengwa, wavuvi wa Shimoni, Wasini na Mkwiro walipoteza sehemu za uvuvi walizozirithi, na kwa muda mrefu fedha za watalii ziliingia mifuko ya mahoteli na ya serikali kabla ya kuwafikia wao. Manung'uniko hayo yanaeleweka kwa wakulima wa Igembe na Tharaka ambao wamelala mashambani wakifukuza ndovu waliotoka mbugani. Kaskazini kidogo, hifadhi ya bahari ya Diani na Chale ilitangazwa mwaka wa 1995, lakini wavuvi waliipinga na ikabaki jina kwenye karatasi.

Shimoni na Wasini mambo yamesogea. Vijana wa huko ndio manahodha na waongozaji. Mapango ya Shimoni, ambamo watumwa walifungiwa wakingoja majahazi, husimamiwa na wanakijiji, na kiingilio huenda kwenye mahitaji ya kijiji. Kisiwani Wasini, kikundi cha wanawake kimejenga njia ya mbao inayopita juu ya matumbawe ya kale na mikoko, na kila anayepita hulipa. Kibuyuni, jirani ya Shimoni, wanawake hulima mwani na kuuza. Mgeni anayekula kaa na wali wa nazi Wasini, akamlipa mwongozaji wa kijijini na kupita kwenye njia ya akina mama, anachangia ulinzi wa mwamba zaidi kuliko anayeteremka botini na kurudi Diani na chakula alichobeba.

Joto la mlimani na la baharini

Ulinzi wa KWS una kikomo. Mwaka wa 1998, mvua za El Niño zilipokuwa zikibomoa madaraja kote nchini, bahari nayo ilipata joto kupita kiasi. Joto likizidi kawaida kwa nyuzi moja au mbili kwa wiki kadhaa, matumbawe huutoa ule mwani unaoyalisha, yakabaki meupe kama mifupa, na hali ikiendelea hufa. Sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya ilikufa mwaka huo. Mengine yalipona taratibu, kisha joto likarudi mwaka wa 2016. Aprili 2024, wanasayansi walitangaza kwamba dunia imeingia katika wimbi la nne la matumbawe kupauka, na bahari yetu haikusazwa.

Mkazi wa Meru hahitaji kuhutubiwa kuhusu joto hilo. Akiinua macho asubuhi mawingu yakiwa yamefunguka, anaona jinsi barafu ya mlima ilivyosinyaa tangu utoto wa babu yake. Barafu ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote, imebaki mabaki tu. Sababu inayoyeyusha barafu kileleni ndiyo inayopausha matumbawe Kisite.

Tope la Kathita

Kuna jambo jingine ambalo mlima huifanyia bahari moja kwa moja. Rupingazi na Thiba, Ena, Mutonga na Kathita, mito yote hii huishia Tana, na Tana, mto mrefu kuliko yote nchini, huingia baharini karibu na Kipini katika Ghuba ya Ungwana. Kila tone linalopita katika mashamba ya kahawa ya Embu au ya majani chai ya Imenti lina safari moja tu.

Sehemu ya juu ya Tana ina mabwawa matano ya umeme: Kindaruma lililokamilika mwaka wa 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Hayo hunasa udongo mwingi, na Masinga limelipia kwa kujaa tope. Lakini Kathita na Mutonga huingia Tana chini ya mabwawa hayo yote. Udongo unaoporomoka katika miteremko ya Meru iliyolimwa bila matuta hauna wa kuuzuia mpaka baharini.

Tope hilo lina wanaolihitaji, wakiwemo kamba wa Ungwana na mikoko ya delta. Matumbawe, kwa upande wake, hayawezi kuishi penye maji ya mto yaliyochafuka. Mwamba unaoandamana na ufuo wa Kenya hukatika penye mlango wa Tana na penye mlango wa Sabaki. Kisite imejaliwa kwa kuwa mbali na mito hiyo mikubwa, na ndiyo sababu maji yake hung'aa. Miamba iliyo karibu na milango ya mito haina bahati hiyo, na kila msimu wa mvua ambapo udongo mwekundu zaidi unateremka, mpaka wa maji machafu husogea.

Ukitaka kwenda

Kutoka Meru au Embu, njia iliyo rahisi ni basi hadi Nairobi, kisha treni ya reli ya kisasa hadi Mombasa. Kutoka Mombasa, vuka kwa feri ya Likoni au upitie barabara ya Dongo Kundu, ushike njia ya Lunga Lunga kupita Ukunda na Msambweni, halafu ukate kushoto kuelekea Shimoni. Kutoka Mombasa hadi hapo ni mwendo wa takriban kilomita 75. Ni vyema kulala Diani au Shimoni kwenyewe, maana boti huondoka mapema.

Miezi ya kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, ndiyo yenye bahari tulivu na maji maangavu. Kusi ikishika kasi kuanzia Aprili, mawimbi huwa makubwa na siku nyingine safari huahirishwa. Waulize wenyeji saa za kujaa na kupwa kwa maji kabla ya kupanga siku. Raia wa Kenya hulipa kiingilio cha chini kuliko wageni wa nje, na malipo hufanywa kwa mtandao wa serikali wa eCitizen, hivyo beba kitambulisho. Bei ya boti hupatanwa. Mkienda kundi, gharama hugawanyika, na hapa ndipo chama cha akina mama au kikundi cha kanisa kina nafuu kuliko mtu na mkewe.

Chupa za plastiki za kutumika mara moja zilipigwa marufuku katika maeneo yote yanayolindwa tangu Juni 5, 2020, kwa hivyo beba maji kwenye chupa ya kudumu. Vaa fulana majini badala ya kujipaka mafuta ya kuzuia jua, kwa kuwa baadhi yake hudhuru matumbawe. Usinunue kombe wala magamba ya kasa kutoka kwa yeyote. Wasini ni kijiji cha Waislamu, kwa hiyo jistiri unapotoka majini na kuingia vichochoroni, na waamkie wazee unaowakuta barazani.

Mwito kwa walimu na wakuu wa kaunti

Shule za Meru na Embu hutumia fedha nyingi za wazazi kwa safari za Mombasa. Walimu waongeze siku moja ya Shimoni, hata kama si wanafunzi wote watakaoshuka majini. Mtoto aliyemwona pono akisaga mwamba atalielewa somo la mazingira zaidi kuliko aliyekariri kitabu. Kaunti za Meru na Embu nazo, zinapogawa miche na kuhimiza matuta, ziwaambie wakulima ukweli wote: udongo unaobaki shambani hulisha familia, na ule unaopotea huenda kufunika bahari ya watu wengine. Na wewe msomaji, ikiwa umewahi kufika Mombasa mara kadhaa na hujawahi kutia uso majini ukafungua macho, safari yako ijayo iwe ya Kisite. Kiingilio unacholipa ndicho kinachosaidia kuulinda mwamba ule, na mwamba ni wa Wakenya wote.